Jogingi: wenzangu wanaimba, mimi nahema. Hivi mapafu yanaweza kuwa madogo?

#1 Fundi Cherehani (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa, cherehani kutwa. Huu ni mwezi wa pili tangu nijiunge na klabu ya jogingi mtaani. Kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka Tandika kuelekea Uwanja wa Mkapa na kurudi, fulana za rangi moja, mbele kuna anayeanzisha wimbo, sisi wa nyuma tunaitikia.

Tatizo langu liko kwenye kuitikia. Hatujafika hata nusu ya njia, sauti imeshakata. Natweta, mabega yanapanda na kushuka, mate yamekuwa mazito. Pembeni yangu anakimbia mama mmoja muuza vitumbua, kanizidi miaka kumi kama si zaidi, na mwili wake si mdogo. Anaimba beti zote kama yuko kwenye kigodoro.

Nikaenda gimu moja, mwalimu wa pale akaniangalia kifua, akasema mapafu yangu ni madogo, lazima "yatanuliwe". Akaniuzia barakoa ya mpira yenye vitundu, shilingi 80,000. Nimeivaa mara tatu. Mara ya tatu niliona nyota.

Sasa kilichonileta hapa. Dada yangu ana kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, alikinunua enzi za Korona. Juzi nimepanda na kushuka ngazi za ghorofa nne mbio mbio, nikabana kidole hapo hapo nikiwa nahema kama mbwa wa mchana. Kikasoma 97. Nikabadilisha kidole, 97.

Kama oksijeni iko 97, mimi nahemea nini? Wajuzi naombeni msaada.

#2 Siti ya Dirishani

Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

#3 Bao la Mkono

Mkuu kwenye barakoa umepigwa, pole. Unavuta?

#4 Fundi Cherehani

Sigara hapana. Shisha nilikuwa navuta, nimeacha mwaka jana.

#5 Fizio wa Zamu

Mtoa mada, jibu unalo kidoleni ila hujaliamini. Nafanya kazi ya kuwanyanyua wagonjwa vitandani na kuwafundisha kutembea upya, kwa hiyo habari ya kuhema naiona kila siku. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila pumzi karibu nusu lita. Hizo ni kama lita sita hadi kumi za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu anafika mara 40 au 50, na kila pumzi inakuwa lita mbili na ushee. Mtu wa kawaida kabisa anaweza kupitisha lita 100 kwa dakika, na wanariadha wakubwa wanapita 150. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Tunayoitoa bado ina kama asilimia 16. Yaani nyingi tunairudisha kama ilivyokuja. Kifua chako hakina njaa ya oksijeni.

Kinachokuhemesha ni hewa ukaa. Msuli ukifanya kazi unachoma sukari na mafuta, na moshi wake ndiyo hewa ukaa. Inaingia kwenye damu, damu inaelekea kwenye uasidi. Una vipima kwenye shina la ubongo, na vingine shingoni pale mshipa mkubwa unapogawanyika. Vikionja asidi hiyo vinatoa amri moja tu: toa hewa. Na ubongo hata hausubiri vipima. Ile sekunde unayoanza kukimbia pumzi inapanda kabla damu haijabadilika, kwa sababu amri inayokwenda miguuni inapita na kwenye misuli ya kupumua.

Sasa kwa nini wewe na si mama wa vitumbua? Kila mtu ana kasi ambayo akiivuka, misuli inaanza kumwaga asidi ya laktiki kuliko mwili unavyowahi kuisafisha. Mwili unaizimua, na katika kuizimua inazaliwa hewa ukaa nyingine juu ya ile ya kwanza. Hapo pumzi haipandi ngazi kwa ngazi, inaruka. Kasi ya kundi lenu iko juu ya mpaka wako na chini ya mpaka wa yule mama. Basi. Tofauti yenu iko kwenye moyo na mapaja.

Mapafu yenyewe yamejengwa kwa akiba kubwa. Ndani kuna mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa. Ukivitandaza vyote unapata kama mita 70 za mraba, nyumba ndogo nzima. Chembe nyekundu ya damu ikipita pale mtu akiwa ametulia inakaa karibu robo tatu ya sekunde, na inakuwa imeshajaa oksijeni kwenye theluthi ya kwanza ya safari. Ukikimbia damu inapita haraka zaidi na bado inawahi kujaa. Ndiyo hiyo 97 yako. Wanaozidiwa ni baadhi ya wanariadha wa daraja la juu kabisa, ambao moyo unasukuma damu kwa fujo mpaka inapita haijajaa. Na farasi wa mashindano. Wewe si farasi, samahani.

#6 Fundi Cherehani

Hahaha, farasi nimemkubali. Kwa hiyo mazoezi hayatanui mapafu kabisa?

#7 Fizio wa Zamu

Kwa mtu mzima ni kidogo mno, karibu hakuna. Mapafu yanafika kilele kwenye miaka 20 hadi 25, kisha yanashuka taratibu. Ile hewa unayoweza kuipuliza kwa sekunde moja inapungua kama mililita 30 kila mwaka, na kwa mvutaji inashuka kwa kasi zaidi. Mazoezi hayageuzi hilo.

Kinachobadilika ni vingine vyote. Chumba cha kushoto cha moyo kinapanuka na kila pigo linasukuma damu zaidi. Damu yenyewe inaongezeka ujazo. Mapajani vinachipua vimishipa vipya vidogo, na ndani ya seli za msuli mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu, zinaongezeka, hivyo oksijeni inatumika vizuri na asidi inachelewa kuja. Kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, na misuli ya katikati ya mbavu nayo inazoea kazi. Ukikaza miezi miwili mitatu, kasi ile ile iliyokutoa ulimi inakudai pumzi chache. Mapafu ni yale yale, deni ndilo limepungua.

Dawa yako: Jumatatu na Jumatano kimbia peke yako, polepole mpaka uone aibu. Kipimo ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika uko sawa. Ukianza kutoa maneno mawili mawili, tembea. Hiyo barakoa mpe mtoto achezee.

#8 Mwalimu Mstaafu

Vijana, kumbe ndiyo maana ya mchakamchaka. Nilifundisha msingi zaidi ya miaka thelathini. Alfajiri watoto wanakimbia kuzunguka kijiji, mimi nyuma na filimbi. Sikuwa na saa ya kupimia wala kitabu cha mambo haya. Nilikuwa nasikiliza wimbo. Kiitikio kikianza kuwa chembamba, najua nyuma wamechoka, napuliza filimbi tunatembea. Yule aliye mbele daima anaona wote wako sawa, kwa sababu yeye anaimba.

#9 Fizio wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Ulikuwa unapima kwa sikio kile tunachopima maabara kwa mashine.

#10 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sasa andika kwa aya fupi, macho yangu yanachoka.

#11 Mbio za Jioni

Naongea kutoka Iten, Elgeyo Marakwet, Kenya, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hizo barakoa huuzwa kwa maneno kwamba unapata mazoezi ya mlimani. Si kweli. Huku kwetu hewa ina oksijeni asilimia 21 ile ile ya Mombasa, lakini mgandamizo wake uko chini kwa karibu robo, kwa hivyo kila pumzi inabeba kidogo. Barakoa haipunguzi mgandamizo wowote, inaziba mlango tu. Unakaza misuli ya kuvuta hewa na kuvuta tena pumzi uliyoitoa.

Mwili ukikaa mlimani wiki tatu, nne, figo hutoa homoni ya kuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Hiyo haiji kwa nusu saa ya barakoa gimu. Wageni kutoka pwani wakifika huku siku ya kwanza wanahema wakifunga kamba za viatu.

Ushahidi mkubwa ni Olimpiki ya Mexico City 1968. Mji uko mita 2,240. Kipchoge Keino, mtu wa Nandi, alimwacha Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia, kwenye mita 1,500 kwa karibu sekunde tatu. Keino alitoka mapema kwa kasi ambayo mtu wa tambarare akiifuata kwenye hewa ile, analipa.

Na jambo moja watu hawaamini mpaka waone: hawa mabingwa siku za mbio nyepesi wanakwenda pole sana. Wanapiga gumzo njia nzima.

#12 Bao la Mkono

Pua au mdomo? Kocha wetu wa mchangani anasema anayefungua mdomo uwanjani hana mapafu.

#13 Fizio wa Zamu

Pua inapasha hewa joto, inailowanisha na kuchuja vumbi, kwa hiyo kwenye mwendo wa pole itumie. Ukifika kama lita 35 au 40 kwa dakika mwili wenyewe unafungua mdomo, kwa sababu tundu la pua ni jembamba. Beki anayekimbiza winga huku kafunga mdomo atazimia kwa heshima ya kocha.

#14 Kitumbua cha Moto

Na kile kichomi cha ubavuni, kulia, chini ya mbavu? Kinanipata kila Jumamosi, najikunja kama kisu cha mfukoni.

#15 Fizio wa Zamu

Ulikula nini kabla?

#16 Kitumbua cha Moto

Chai ya maziwa na vitumbua vitano.

#17 Fizio wa Zamu

Umejijibu. Kula saa mbili kabla, punguza vinywaji vya sukari karibu na mbio. Kikikushika punguza mwendo, bonyeza pale panapouma, inama kidogo mbele huku unatoa pumzi ndefu. Kichomi hicho huisha ukisimama. Kama kinachoma kila ukivuta pumzi hata umelala, au una homa, hicho ni kichomi kingine na kinataka hospitali.

#18 Mama Wawili

Jamani, nami nieleze yangu, maana karibu nidanganywe na hicho kibanio.

Mwaka juzi nilikuwa nikipanda na ndoo ya maji kutoka bombani hadi nyumbani, kilima kidogo tu, nafika nimeshika ukuta. Moyo unapiga masikioni. Kila mtu akasema unene, fanya mazoezi. Nikaanza, ikawa mbaya zaidi. Kibanio kilisoma 98, nikajiona mzima. Wifi yangu ndiye aliyenivuta kope la chini akakuta limepauka kama karatasi. Kupima damu: 8.1.

#19 Fizio wa Zamu

Dada, asante sana, hili nililisahau na ni kubwa. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tayari ana upungufu wa damu. Na kibanio hakijui una damu kiasi gani. Himoglobini ndiyo kibeba oksijeni ndani ya damu, na ile 8.1 yako ni kiasi chake; kibanio kinahesabu tu asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Chukulia malori: 98 maana yake malori karibu yote yamejaa, ila hakikuambii kwamba yamebaki malori machache. Moyo unaongeza mwendo ili hayo machache yazunguke mara nyingi, ndiyo yale mapigo ya masikioni.

Hedhi nzito, ujauzito uliofuatana, safura. Tafuteni sababu kabla ya kumlaumu mtu kwa uvivu.

#20 Mama Wawili

Yangu ilikuwa hedhi, na chai. Nilikuwa nakunywa chai kila mlo. Nikaambiwa inazuia madini ya chuma yasiingie. Nimetumia vidonge miezi kadhaa, leo nipo 12.4 na kilima napanda naongea na simu.

#21 Mzazi wa Darasa la Tano

Mimi ni mwanangu, miaka 11. Uwanjani anakimbia vizuri tu. Mpira ukiisha, dakika tano hivi baadaye, anaanza kukohoa kikohozi kikavu, kifua kinapiga mluzi. Baada ya kama saa nzima kimeisha. Mwalimu wa michezo amemwandika mvivu, anasema anaigiza ili asipige duru za mwisho.

#22 Fizio wa Zamu

Mama, huo muda ulioutaja unanipa wasiwasi. Kuhema kwa kawaida kunapungua ukisimama. Njia za hewa zinazobana kwa sababu ya mazoezi zinafanya kinyume: zinabana zaidi dakika tano hadi kumi au kumi na tano baada ya kusimama, kisha zinaachia zenyewe ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Chanzo ni ukavu. Mtoto akihema anapitisha hewa nyingi, unyevu wa ukuta wa njia zile unakauka, ukuta unakereka, misuli yake inakaza. Ndiyo maana vumbi na ubaridi wa alfajiri vinazidisha, na kuogelea mara nyingi kunawafaa kuliko mbio.

Mpeleke akapimwe pumu, apulize kwenye kipimo kabla na baada ya kukimbia. Ikithibitika, huwa wanapewa dawa ya kuvuta ile ya bluu, dakika kama 15 kabla ya mchezo, pamoja na kupasha misuli taratibu. Ukiacha ile ya kabla ya mchezo, akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, ujue pumu haijatulia na anataka dawa ya kila siku, usiongeze bluu tu. Na asizuiwe kucheza. Paula Radcliffe wa Uingereza ana hali hiyo hiyo, na London mwaka 2003 alikimbia marathoni kwa saa 2:15:25.

#23 Mzazi wa Darasa la Tano

Nimeisoma mara mbili. Kesho naenda, na mwalimu nitamtumia hii.

#24 Mzee wa Kilosa

Wanangu, mimi niliugua TB mwaka 2016, nikameza dawa miezi sita, nikapona na karatasi ninayo. Lakini pumzi haijarudi. Nikitembea hadi shambani napumzika mara mbili. Je, mazoezi ni kwa ajili yenu vijana peke yenu?

#25 Fizio wa Zamu

Shikamoo mzee. Kwanza, kama una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, unakonda au makohozi yana damu, rudi wakapime makohozi upya. Kama huna hayo, basi huenda ni makovu. Makovu hayafutiki, mazoezi hayayaondoi, nisikudanganye.

Lakini watu kama wewe ndio wanaofaidika kuliko wote humu. Mtu akihema anaacha kutembea, akiacha kutembea mapaja yanayeyuka, mapaja dhaifu yanatoa asidi mapema, anahema zaidi. Tunachoweza kukigeuza ni mapaja. Ninaowaona kazini tunawatembeza dakika 20 hadi 30, siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane. Anza na dakika tano mzee, pumzika, tano tena. Hema, ila uweze kunijibu nikikusalimia.

Na pumzi yenyewe: vuta kwa pua ukihesabu moja, mbili. Toa kwa midomo iliyobana, kama unapuliza chai ya moto, ukihesabu hadi nne. Ule upepo wa kubana unazuia njia ndogo zisijifunge kabla hewa haijatoka. Penye kilima, piga hatua wakati unapuliza.

#26 Mzee wa Kilosa

Marahaba mwanangu. Chai ya moto naiweza.

#27 Mtoto wa Nungwi

Mi nina njia ya mkato: kaza pumzi chini ya maji. Hema haraka haraka mara ishirini, piga mbizi, unakaa mpaka watu wanaanza kukutafuta.

#28 Fizio wa Zamu

Watakutafuta kweli. Usifanye hivyo, na msije mkaiga. Ukihema haraka haraka huongezi oksijeni ya maana, ilikuwa imeshajaa. Unachofanya ni kuitupa hewa ukaa, na tumeshasema ndiyo inayopiga kengele. Sasa uko chini ya maji, oksijeni inaisha, kengele imezimwa. Unazimia bila hata kuhisi hamu ya kupumua, na pumzi inayofuata ni ya maji.

#29 Mtoto wa Nungwi

Duh. Ami yangu mvuvi hutugombeza kwa hilo, tukadhani ana wivu.

#30 Siti ya Dirishani

Uzi huu mods wausogeze juu. Na wa shisha je, mbona mmempita?

#31 Fizio wa Zamu

Mkaa wa shisha unatoa monoksidi kaboni, inayong'ang'ania himoglobini mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Malori yanapakia mzigo batili. Inachukua saa kadhaa kupungua nusu. Aliyevuta Ijumaa usiku anakuja jogingi Jumamosi alfajiri na malori ya batili. Mtoa mada ameacha, safi.

#32 Fundi Cherehani

Wakuu, nimerudi, ni wiki ya saba. Jumatatu na Jumatano nimekuwa nakimbia peke yangu kama mzee wa Fizio alivyosema, polepole hadi kuna siku mtu mwenye mkokoteni wa maji alinipita akaniuliza kama naumwa. Wiki tatu za kwanza sikuona chochote. Ya nne nikashtuka nimefika kona ya kurudia nikiwa nimefunga mdomo.

Jumamosi iliyopita niliitikia kwenda na kurudi. Mama wa vitumbua akanigeukia: "Leo umekuja na sauti." Akamwita kiongozi, wakanipa nianzishe mimi. Nikaanzisha juu mno, beti la pili ikanikatikia, kundi zima likacheka mpaka tukatembea.

Barakoa naiuza 10,000. Haijatumika sana.